Naomba ushauri: video ya mtaani Maputo, niweke msimulizi au niache?

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini. Nikiwa Maputo nilitega kamera karibu na kituo cha chapa, zile daladala zao, nikaiacha irekodi bila kuisogeza. Makonda wanaita abiria kwa Kireno, na pembeni mama aliyejifunga capulana, kile kitenge chao, anamenya machungwa bila hata kutazama kisu. Huyo mama ndiye moyo wa kazi yote!

Nataka kuionyesha usiku Mikindani, ukutani, kwa projekta. Wenzangu wanataka msimulizi, eti watu watachoka. Mimi naona maneno yataiua. Mama aliniruhusu, ila wapita njia sura zao zinaonekana, nizifiche? Na dakika ngapi zinatosha kwa watu waliosimama?