Nimesoma muhula mzima Ujerumani nikafaulu, nimerudi Mbeya chuo changu kinaniandikia disko

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Uzi ni mrefu na ninauandika nikiwa na hasira, nivumilieni. Nimekaa kimya tangu Machi nikiamini mambo yatanyooka, hayakunyooka.

Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uchumi wa kilimo, chuo kimoja cha huku Nyanda za Juu Kusini. Jina la chuo sitaji. Nyumbani ni Uyole. Oktoba mwaka jana nilikwenda Ujerumani kwa muhula mmoja kupitia mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, nikasoma masomo matano, nikafanya mitihani Februari, nikafaulu yote.

Wiki iliyopita nimeitwa ofisi ya mitihani. Nikaingia, nikaamkia, mzee akaitikia bila kuinua macho. Mbele yake kuna karatasi ya matokeo yangu ina mhuri wa kule, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu nyekundu 1.8, akaizungushia duara. Akaniambia, "Binti, ulikwenda kufanya nini huko? Hii ipo chini ya mbili. Hapa ni disko."

Disko, yaani kuondolewa masomoni. Nilihisi miguu si yangu. Nikamwambia, "Baba, kule alama zinahesabiwa kinyume na kwetu. Moja ndiyo ya juu kabisa. Nne ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Tano umefeli." Akanijibu, "Kule ni kule, hapa ni hapa."

Naomba niandike hapa kile ambacho hakutaka kukisikia. Ujerumani alama inaanzia 1.0, hiyo ndiyo bora, inashuka hadi 4.0. Sisi GPA, yaani wastani wa alama, ya juu ni 5.0 na shahada hupati chini ya 2.0. Matokeo yangu ni 1.3, 1.7, 1.7, 2.0 na 2.3. Wastani 1.8. Wajerumani wenyewe wana fomula wanayoitumia kila siku kubadili matokeo ya wageni, inaitwa fomula ya Bavaria. Ukiweka 5 yetu juu na 2 yetu chini, hesabu inakuwa nyepesi mpaka mtoto wa darasa la tano anaiweza: unachukua sita unatoa alama ya kwetu, unapata alama ya kwao. Sasa geuza: sita toa 1.8 ni 4.2. Nne nukta mbili, jamani! Hiyo ni daraja la pili la juu, imebaki 0.2 tu kufika daraja la kwanza linaloanzia 4.4. Na mtu kaizungushia wino mwekundu.

Hapo hatujafika kwenye krediti. Kila somo langu kule lilikuwa na krediti 6 za ECTS, ule mfumo wa krediti wa Ulaya. Mzee akaangalia orodha yetu, somo la kwetu lina 12, akasema, "Umesoma nusu." Si kweli. Krediti moja ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30. Kwa hiyo somo la krediti 6 ni saa 150 kwenda juu, wakati somo letu la 12 ni saa 120. Nimesoma zaidi ya nilichotakiwa, naambiwa nimesoma nusu. Nilimpa simu yangu apige hesabu mwenyewe. Akairudisha mezani.

Tena hili lilishakubaliwa kabla sijapanda ndege. Ukienda kwa Erasmus+ kuna karatasi ya makubaliano ya masomo. Inasainiwa na watu watatu: mwanafunzi, chuo kinachokutuma na chuo kinachokupokea. Inaorodhesha somo gani la kule linasimama badala ya somo gani la hapa, na kanuni za mpango wenyewe zinasema ukifaulu hayo uliyokubaliwa, yanaingia kwenye shahada yako bila mtihani mwingine juu yake. Yangu ninayo, ina saini ya mkuu wa idara na mhuri wa chuo. Nilipoitoa nikaambiwa aliyesaini alishahamishwa kitengo. Kwani saini ilikuwa ya kwake au ya ofisi?

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni sentensi aliyoimalizia. "Sisi tuliona picha zako. Ulikuwa unatembea tu."

Picha. Zungumzeni na mimi kuhusu hizo picha.

Kwa miezi mitano nilisafiri mara tatu. Mara tatu! Hamburg siku moja, Berlin siku mbili, na Prague Ijumaa mpaka Jumapili. Watu wanadhani nilikuwa na hela. Ukiwa mwanafunzi kule unapewa tiketi ya muhula, unapanda nayo treni za mikoa, zile za pole pole zinazosimama kila kituo. Za mwendo kasi huruhusiwi. Nilikwenda Berlin kwa kubadili treni mara tatu, na daftari la takwimu lipo mapajani njia nzima kwa sababu Jumatatu ilikuwa na mazoezi. Mnaoona picha mbele ya Lango la Brandenburg hamkuona lile daftari, nalo sikulipiga picha.

Januari marafiki wa bwenini, Mghana mmoja na wasichana wawili wa Kazakhstan, wakapanga kwenda Italia. Viza yetu ya muda mrefu ilituruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen, nauli walishapata ya bei ndogo, nafasi yangu ipo. Nikakataa. Kule mtihani mmoja wa dakika 90 ndio alama zako zote. Hakuna ile arobaini ya kazi za darasani inayokubeba ukiyumba kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Na kusajili somo si kusajili mtihani, mtihani unausajili peke yake kwenye mtandao kabla ya tarehe yake, ukipitwa umepitwa. Yule Mghana alihudhuria kila kipindi cha somo moja, tarehe ikampita, akabaki mlangoni siku ya mtihani. Nilimwona kwa macho. Basi mimi nikabaki, wenzangu wakaenda, na waliporudi hawakuwa wale wale kwangu. Wakipika walikuwa wananiita, sasa wakawa wanapika wananyamaza. Niliyalipia hayo masomo.

Na nililipa upande wa pili pia. Hapa sitajitetea.

Chumbani chuoni tulikuwa wanne. Tangu mwaka wa kwanza tunakula sufuria moja. Tulipoagana tuliapa kupigiana kila Jumapili. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ujerumani wanarudisha saa nyuma, tunapishana saa mbili. Wao wakimaliza kula saa tatu usiku wapo huru, kwangu ni saa moja na ndiyo kwanza naingia maktaba. Jumapili mbili tukazungumza, ya tatu nikasema kesho, na kesho ikawa wiki.

Novemba baba wa mmoja wao alifariki, kwao Tukuyu. Ujumbe ulifika nikiwa kwenye kipindi, simu ipo kwenye begi. Nikauona jioni, nikapiga, haikupokelewa. Nikamwambia kaka yangu apeleke rambirambi, akaenda mpaka msibani akanisaidia kukaa. Ila wiki hiyo hiyo ndiyo nilikuwa nimeweka zile picha za Berlin, nilizopiga kabla sijajua. Yeye alikuwa chini kwenye mkeka anaziona.

Niliporudi Machi, siku ya tatu tu, nilipanda kosta ya Tukuyu. Nimebeba sukari, mchele na kitenge cha mama. Mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Rungwe mwezi huo, nimefika nimelowa mpaka ndani. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanikalisha jikoni, akasonga moto, hakuuliza chochote. Rafiki yangu alikuwa anamenya ndizi. Alimenya mkungu karibu wote bila kuniangalia. Halafu akasema, "Wewe ulikuwa unatembea."

Nilimwomba radhi. Nilipaswa kuzifuta zile picha usiku ule ule, sikuwaza. Tulilia wote. Yeye ana haki ya kuniambia neno lile mpaka nizeeke.

Ofisi ya chuo haina haki hiyo! Maana ni ofisi hiyo hiyo iliyonitumia ujumbe Desemba, "Binti, tutumie picha nzuri za huko." Nikatuma. Wakachukua picha ya Berlin wakaitengenezea bango, lipo getini hadi leo, sura yangu imekuwa kubwa kuliko mlango wa kantini, limeandikwa fursa za kimataifa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wananinyooshea vidole nikipita. Kwenye bango natosha kuvutia watu, ofisini picha ile ile ndiyo ushahidi kwamba sikusoma. Nimeomba mara mbili walishushe. Bado lipo.

Na mjue safari hii imegharimu watu. Mama yangu anauza viazi Uyole. Kwa ajili ya viza nilikwenda Dar mara mbili, zaidi ya kilomita 800 kwa basi kila safari, unashuka mlima Kitonga unasali. Nauli ya mara ya pili yeye aliuza gunia shambani kwa bei ya kutupa kwa sababu hakukuwa na muda wa kusubiri bei ipande. Posho ya mpango ilinilisha kule, lakini kufika kwenye posho ni mama. Juzi ameniuliza mahafali ni mwezi gani ili aanze kujiandaa. Nimemdanganya. Nimemwambia hawajatangaza.

Ili niepuke hiyo disko naambiwa nina njia mbili. Nirudie muhula mzima, yaani mwaka mwingine, kwa sababu masomo yale yanafundishwa muhula wa kwanza tu. Au nifanye masomo yote matano kama sapu, mitihani ya marudio, mwezi ujao, pamoja na UE za muhula huu. Mitihani kumi, ya vitu ambavyo nimeshavifaulu. Sikubali hata moja.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa taaluma. Nimeambatisha makubaliano yenye saini, matokeo, maelezo ya alama yaliyochapwa nyuma ya karatasi ile ile ya matokeo ambayo hakuna aliyeigeuza, na hesabu ya krediti niliyoiandika kwa mkono mstari kwa mstari. Mratibu wa kule Ujerumani amejibu baruapepe yangu ndani ya siku moja, akasema yupo tayari kuwaandikia. Wa hapa nimempigia mara sita.

Wakuu, ninachoomba. Kama kuna aliyesoma muhula nje, hasa Ujerumani, akarudi chuo cha hapa na alama zake zikabadilishwa vizuri, aniambie ni ofisi gani iliyosaini na walitumia jedwali gani. Kama kuna anayefahamu utaratibu wa kupeleka shauri kama hili TCU, naomba anielekeze hatua ya kwanza. PM ipo wazi. Wanaotaka kuniambia nishukuru nimepanda ndege, wapite.

Majina ya wanaotarajiwa kuhitimu yanapelekwa Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatatu saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwa mkuu wa idara. Nikitoka nitarudi hapa kuandika alichosema.