Mwani wa Nannochloropsis unageuka njano kabla ya kuvunwa (Arusha)

Tumbawe_Njiro

Wakuu, habari za leo. Niko Njiro, nina akwaria ya maji chumvi ya lita 200 yenye matumbawe laini na samaki mmoja aina ya mandarini, ambaye chakula kikavu hakigusi kabisa. Ninaotesha Nannochloropsis (mwani wa chembe moja unaoelea majini) kwenye chupa za maji za lita 1.5 ili nilishe rotifa (vijidudu vidogo vinavyoogelea), halafu rotifa wamlishe samaki.

Siku za mwanzo rangi ni kijani kizuri. Kabla ya wiki kuisha mwani unapauka, unakuwa njano, tope la kahawia linatuama chini. Maji ni ya bomba, nayachemsha, yakipoa naweka chumvi ya akwaria hadi kipimo cha uzito wa maji (specific gravity) kisome 1.026. Mbolea ni ya kupulizia majani, matone machache kila chupa. Taa ni LED ya wati 20, haizimwi. Hewa inapita kwenye jiwe la hewa. Chupa na ndoo ya rotifa viko meza moja. Nirekebishe nini kwanza?

MajiChumvi_Moshi

Kwanza maji. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, madini yaliyoyeyuka yanabaki palepale, tena yanazidi kukolea kadiri mvuke unavyotoka. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi na bikaboneti nyingi. Bahari yenyewe ina floraidi kama miligramu 1.3 kwa lita, na chumvi yako ya akwaria imetengenezwa ili ichanganywe na maji matupu. Ukiichanganya na maji ya bomba unajumlisha madini juu ya madini, na yote yanaishia kwenye matumbawe kila unapomimina mwani. Tumia maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando, reverse osmosis), na kipimo cha TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka) kisome sifuri au karibu na hapo. Utando wa RO unataka mgandamizo wa kama bar 3.5 hadi 4. Tangi la juu ya paa halifikishi, kwa hiyo nunua na pampu ya kuongeza mgandamizo.

Kwa mwani usipandishe chumvi hadi 1.026. Nannochloropsis hukua vizuri kwenye 1.017 hadi 1.020.

Kusafisha maji yaliyokwisha wekwa chumvi, achana na jiko. Tia jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, mililita 1 kwa lita. Funika, acha usiku kucha. Asubuhi ua klorini kwa sodiamu thiosulfeti, robo gramu kwa kila mililita ya jiki uliyotia, kisha pitisha hewa saa moja. Pima kwa karatasi za klorini za mabwawa ya kuogelea kabla ya kuweka mbegu (mwani hai wa kuanzishia), maana klorini kidogo tu iliyobaki inaua mwani wote.

Mbolea_na_Mwani

Hiyo mbolea ya majani iache leo hii. Nyingi zina yurea na shaba. Mchanganyiko wa f/2, ambao wakuzaji wa mwani wa bahari wanautumia duniani kote, una shaba chini ya mikrogramu 3 kwa lita. Tone moja la mbolea ya majani linaweza kupita hapo mara nyingi, na shaba ndiyo sumu ya kopepodi (vijikamba vidogo sana), konokono na matumbawe.

Ukiweza kupata f/2 iliyo tayari, tumia hiyo kwa kipimo cha kwenye chupa. Ukikosa, Arusha una bahati: maduka ya pembejeo yanayouzia wakulima wa maua na mboga wa greenhouse yana mbolea safi zinazoyeyuka. Andaa chupa tatu za lita moja za maji ya RO. Ya kwanza potasiamu naitreti gramu 90, ya pili MKP (fosfeti ya potasiamu) gramu 5, ya tatu chuma cha EDTA (chuma kilichofungwa ili kibaki kimeyeyuka, asilimia 13) gramu 5. Usizichanganye zikiwa nzito, fosfeti itakamata chuma na kutuama. Kwa kila lita ya maji ya mwani weka mililita 1 kutoka kila chupa. Hapo hakuna vitamini, lakini Nannochloropsis huenda bila hizo. Isochrysis (aina nyingine ya mwani) sitaithubutu bila f/2 kamili, yenye B1, B12 na biotini.

Njano yako kwa sehemu kubwa ni njaa ya naitrojeni. Mwani ukiishiwa hupoteza rangi ya kijani kwanza, halafu hufa na kutuama.

Kopepodi_Sakina

Naunga mkono wote wawili, ila meza moja na rotifa ndilo tatizo litakalorudi hata ukirekebisha mengine. Rotifa mmoja akiingia kwenye chupa kwa tone la maji au kwa mrija wa hewa, anazaa bila dume, na chupa ya kijani inakuwa maji meupe ndani ya siku chache. Weka mwani chumba kingine, na pampu yake ya hewa, pamba safi kwenye mrija, na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ukihudumia, anza na mwani, malizia na rotifa. Ukishagusa rotifa, usirudi kwenye mwani siku hiyo. Chunguza chupa kwa lenzi ya kukuzia mara 10 ukiielekeza kwenye taa. Ukiona vidoa vyeupe vinavyoogelea, mwage chupa nzima na uioshe kwa jiki. Hakuna namna ya kuiokoa.

Jiwe la hewa toa. Viputo vidogo vinarusha matone ya chumvi na kukusanya povu. Tumia mrija mgumu mwembamba hadi chini kabisa, viputo vikubwa vya kuvingirisha maji. Hewa ikiwa hafifu, pH inapanda kwa sababu mwani unamaliza kaboni dioksaidi.

Taa saa 16 kwa siku, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye chupa. Mbegu isiwe nyepesi mno: sehemu moja ya mbegu kwa mbili au tatu za maji mapya. Ikiwa nyepesi zaidi mwanga unaiunguza.

Halafu baridi. Juni na Julai usiku wa Arusha unashuka chini ya nyuzi 15, na mwani unataka 20 hadi 26. Panga chupa kwenye beseni la maji lenye hita ya wati 50, iweke 24. (Moshi shida yao ni kinyume, Februari wanatafuta kivuli.)

Vuna pale kidole nyuma ya chupa kisipoonekana. Acha theluthi moja iwe mbegu. Uliovunwa hukaa friji kwenye nyuzi 4 kama wiki tatu, tikisa kila siku.

Sasa kuhusu mandarini. Rotifa hata mkubwa hafiki theluthi moja ya milimita. Ni chakula cha vifaranga na midomo ya matumbawe, si cha samaki huyo. Mfugie kopepodi aina ya Tisbe: beseni pana, chumvi 1.024, viputo polepole, mwani hadi maji yawe kijani hafifu, hakuna zaidi. Mzunguko wao ni kama wiki mbili, kwa hiyo anza na mabeseni mawili. Vuna theluthi kwa chujio la mikroni 53, uwaachie kwenye akwaria jioni baada ya taa kuzimwa, karibu na mawe, pampu kubwa na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) vimezimwa saa moja.

Tumbawe_Njiro

Nashukuru sana. Umeme ukikatika usiku, kipi kinakufa kwanza?

Kopepodi_Sakina

Rotifa, hasa wakiwa wengi ndoo moja, na mwinuko wetu wa karibu mita 1,400 unapunguza oksijeni majini kwa kama asilimia 15 kuliko pwani. Pampu ya betri iweke kwao. Tisbe wanatambaa kwenye kuta za beseni, na beseni pana lenye maji ya kina kifupi linawavusha hadi asubuhi. Mwani tikisa chupa kwa mkono tu.