Kapu moja la siri kwa huduma zote: nani aliruhusu jambo hili?

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa usiku wa kuamkia leo nimekesha kwa saa 5 mfululizo nikisaka hitilafu ambayo haikuwamo kabisa katika msimbo wetu.

Kazini kwetu kuna kundi moja la vigeu (thamani zenye majina ambazo programu huzisoma), ndilo kapu ninalolisema, linalosomwa na paipulaini zote, yaani mifumo ya kujenga, kupima na kusambaza msimbo kiotomatiki. Anwani za hifadhidata, muda wa kusubiri majibu, nywila na tokeni (funguo za kidijitali) za huduma za nje vimerundikwa humo pamoja, vya majaribio na vya mazingira halisi. Mtu wa timu nyingine alibadilisha anwani ya hifadhidata kwa ajili ya huduma yake, asimwambie yeyote. Huduma yetu iliendelea salama kwa siku kadhaa kwa sababu ilikuwa bado inatumia thamani iliyoichukua zamani, lakini tuliposambaza toleo jipya, lenye badiliko la mstari mmoja tu, ikachota anwani ile mpya na kuanguka. Tulirudisha toleo la awali, nalo likaanguka vilevile! Kurudisha msimbo nyuma hakurudishi kigeu kinachokaa nje ya Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, na kundi lenyewe halionyeshi thamani ya zamani ilikuwa ipi wala nani aliyeigusa.

Nilipopendekeza kwamba, maadamu tumeshalifungua kapu, tubadilishe pia nywila ya hifadhidata ambayo haijabadilishwa tangu nijiunge na timu, nilijibiwa nisiiguse kwa sababu haijulikani ni huduma zipi nyingine zinaitumia. Yaani nywila imegeuka mzimu wa ukoo, kila mtu anauogopa na hakuna anayeujua.

Utetezi ninaopewa kila mara ni kwamba vigeu hivyo vimewekewa alama ya siri, hivyo logi, yaani kumbukumbu za kazi za paipulaini, huvionyesha kwa nyota. Ufichaji huo kwa kawaida hutafuta maandishi yaleyale yalivyo. Skripti (programu fupi) ikiyageuza kuwa Base64, namna nyingine tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida, kabla ya kuyachapa, yanapita bila kuzuiwa, na kuyarejesha ni kazi ya sekunde moja, maana Base64 si usimbaji fiche. Tena, mwaka 2021 skripti ya Codecov, huduma inayopima kiasi cha msimbo kinachofikiwa na majaribio, iliyokuwa ikitumiwa na paipulaini za watu wengi ilichezewa ili ipeleke vigeu vya mazingira kwenye seva ya wavamizi, na nyota za kwenye logi hazizuii wizi wa namna hiyo. Januari 2023 CircleCI, kampuni inayoendesha paipulaini za wateja, iliwataka wateja wake wabadilishe siri zote walizokuwa wamezihifadhi huko. Tungeambiwa hivyo sisi leo, tungeanzia wapi?

Ninachodai si anasa. Mipangilio isiyo siri ikae ndani ya Git, ipitiwe na mtu wa pili kama msimbo mwingine wowote. Kila huduma iwe na nywila yake, ya majaribio isikutane kamwe na ya mazingira halisi, na kila siri iandikwe mwenyewe ni timu ipi. Pale inapowezekana, paipulaini ipewe tokeni ya muda mfupi inayokufa kazi inapokwisha, badala ya ufunguo wa kudumu.

Nimeyaandika haya yote kwa viongozi wa timu. Jibu halijaja, ila leo asubuhi kundi lilelile limeongezewa vigeu viwili vipya, na hakuna anayekubali kuwa ni vyake.