Zawadi ya Rukia (Rukia mwenyewe tumemtoa kundini mpaka harusi ipite)

*Mwanaidi:* Assalaam alaykum. Nipo Vernissage, soko la wazi karibu na Uwanja wa Jamhuri hapa Yerevan, Armenia. Keshokutwa narudi Dubai, kwa hiyo semeni sasa hivi. Bibi harusi tumchukulie nini?

*Salim:* Waalaykum salaam. Zulia!

*Mwanaidi:* Mzigo utalipia wewe kaka? 😂 Halafu la mkono bei yake utakaa chini. Mzee wa hapa kanionyesha: geuza upande wa chini, uone vifundo kimoja kimoja. Na matamvua yawe ni nyuzi zilezile za zulia zimetokeza, siyo utepe wa kushonewa. Ya mashine nayo yamejaa tele. Likiwa la kale ndiyo balaa, kulitoa nchini mpaka kibali cha serikali.

*Shangazi Zuhura:* Achaneni na zulia. Mwanaidi, hicho cheupe kinachoning'inia kwenye picha yako ni nini?

*Mwanaidi:* Shikamoo shangazi. Lesi hiyo. Wanafuma kwa sindano na uzi tu, fundo kwa fundo. Muuzaji anaapa ni ya mkono.

*Shangazi Zuhura:* Marahaba. Nipigie picha nyuma yake. Sogea karibu.

*Mwanaidi:* 📷

*Shangazi Zuhura:* Mashine. Matundu yote sawasawa kama yamepigwa chapa, na sioni hata pahala uzi ulipoisha ukaungwa. Nashona kofia za viua tangu sijaolewa, mkono wa mtu haulingani hivyo. Usibishane naye, mshukuru upite.

*Salim:* Duh, shangazi kakagua akiwa Tanga 😂😂

*Mwanaidi:* Meza ya tatu kuna bibi anafuma hapahapa, sindano mkononi. Kitambaa cha duara, ukubwa wa sahani. 📷

*Shangazi Zuhura:* Eeeh! Hicho sasa. Chukua, na usimpunje sana, macho yanaumia kwa kazi hiyo.

*Fatuma:* Na lile jiwe la nakshi pembeni?

*Mwanaidi:* Khachkar, jiwe la msalaba. Wenyewe Wakristo tangu karne ya 4. Uchongaji wake UNESCO waliuorodhesha 2010. Hayo makubwa yanasimama makanisani na makaburini, hapa wanauza ya kushika mkononi. Kwa Rukia haliendi, ila nimewaza Mama Grace, si ndiye anatupikia keki?

*Fatuma:* Atalia kwa furaha huyo. Mchukulie.

*Mwanaidi:* Kuna na hiki cha chumvi, cha udongo. Mwanamke mjamzito, chumvi unachota tumboni. Wanakiita aghaman. 📷

*Bi Mkubwa:* 🎤 (Fatuma anaandika) Bibi anasema sanamu hilo lisivuke kizingiti chake, na chumvi yake ibaki koponi.

*Mwanaidi:* 😂 Shikamoo bibi. Wewe nakuletea kabirika kadogo ka shaba ka mpini mrefu, wanachemshia kahawa.

*Bi Mkubwa:* 🎤 (Fatuma tena) Anasema mdila anao, lakini kalete.

*Fatuma:* Vya kuvaa je? Kumbukeni Rukia akivaa hereni za bandia masikio yanavimba.

*Mwanaidi:* Ndiyo maana natafuta muhuri wa 925, alama ya fedha halisi. Nimeona za fedha, umbo la komamanga lililopasuka, punje vijiwe vyekundu. Komamanga hapa utalikuta kila kona, kwenye vigae, mbao, mpaka mapazia. Desturi yao bibi harusi analirusha ukutani lipasuke, punje zikitawanyika ndiyo dua ya watoto. Nyingine ni za obsidiani, kioo cheusi cha volkano, ukikigeuza juani kinatoa mng'ao wa fedha.

*Shangazi Zuhura:* Komamanga. Nyeusi harusini hapana.

*Salim:* Ila tumwambie asizirushe ukutani.

*Mwanaidi:* Alianza dramu 18,000, tumefika 13,000, kama dola thelathini na kitu. Muhuri upo kwenye kindoano, nimeuona. Nachukua. Michango apokee Salim.

*Salim:* Kwa nini mimi??

*Shangazi Zuhura:* Aliyetaka zulia ni nani?