Mjadala: Vijiwe vya kahawa viondolewe, au vina kazi yake?

Kila ikizuka mada ya vijana na ajira, hatakosekana wa kusema vijiwe vya kahawa ni vituo vya uzembe na umbea, vivunjwe. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na waliokutwa mjini bila kazi inayotambulika wakasombwa kupelekwa mashambani. Siku hizi wanaotaka vijiwe vivunjwe wameongeza kwamba habari zote zimo kwenye simu, kwa hiyo benchi la kahawa limepitwa na wakati.

Napinga, tena kwa nguvu.

Chukueni msimu wa korosho wa 2018. Serikali ilisimamisha minada, jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo, bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tangazo hilo kila mwenye redio alilisikia. Mkulima wa Mtwara alitaka kujua mengine: nani kashaingiziwa hela, nani bado anahakikiwa, nani anadhaniwa ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho za wakulima, kwa kuwa mzigo wake umezidi shamba lake. Hayo huyapati kwa mtangazaji, unayapata kwa mtu aliyetoka benki asubuhi hiyo. Mtu huyo unamfahamu, unajua kama ana tabia ya kutia chumvi, na kesho atarudi hapo hapo kunywa kahawa, hivyo akidanganya ataulizwa. Ujumbe wa WhatsApp uliopita mikono mia utamuuliza nani, "Wewe umesikia wapi?"

Najua mtanitajia popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku, na ni haki yenu. Mwaka 1995 hofu ilitanda Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, na wakati huo simu za mkononi zilikuwa hazijaenea hata zibebeshwe lawama. Habari ilitembea kwa midomo, barazani na sokoni. Hofu ikishawashika wote, hata anayemfahamu msemaji haulizi tena. Sisemi kijiwe hakidanganyi. Nasema siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, uongo wa kijiweni una mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni jingine, na wanaotetea vijiwe huwa wanalikwepa: benchi la kahawa ni la wanaume. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe Zanzibar, siasa za nchi nzima zinachambuliwa, lakini wanaokaa ni wanaume. Mwanamke habari zake anazipata saluni akisukwa, kliniki akisubiri mtoto apimwe uzito, kwenye kikoba, bombani. Kama ni maji yaliyokatika au dawa zilizoisha zahanati, huko ndiko wanakojua mapema na kwa undani. Halafu kiongozi anayetaka kupima upepo anakunywa vikombe viwili vya kahawa na wazee, anaondoka akisema "wananchi wamesema". Wananchi gani hao, nusu yao wakiwa bombani?

Kwa hiyo msimamo wangu: vijiwe viachwe, na viongozi wajifunze kupita kwenye vijiwe vyote, vya kina mama vikiwemo. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, uitishwe kweli, mapato na matumizi yasomwe. Usipoitishwa, watu watajua habari za hela yao kwa fununu, na kuvunja benchi hakutabadilisha hilo.

Mnaotaka viondolewe, nijibuni hili: mkulima ambaye kijijini kwake mkutano hauitishwi, akitaka kujua kama wenzake wamelipwa, aende akaulize wapi?