Mrejesho: kifungio cha bomba la breki nilichochagua kwa gari langu la zamani

Niliuliza hapa kama nifunge kifungio cha wenzo au cha umeme, ili kifungie shinikizo la mafuta ya breki ndani ya bomba na kushika magurudumu ya mbele wakati ya nyuma yanazunguka kupasha moto matairi kabla ya mbio. Nashukuru sana kwa majibu yenu. Nimechagua cha umeme, kwa sababu vali yake hukaa wazi wakati wote na hujifunga pale tu kitufe kinapobonyezwa, hivyo umeme ukikatika breki hubaki zikifanya kazi kama kawaida.

Nimekifunga kati ya masta silinda (pampu kuu ya breki) na mahali ambapo bomba la mbele linagawanyika kwenda kulia na kushoto, nikaweka na fyuzi yake. Kazi ngumu ilikuwa kwenye midomo ya mabomba. Wa kwanza niliukunja mara moja tu, na nilipokanyaga pedali, tone la mafuta ya breki likajitokeza taratibu chini ya nati na kudondokea karatasi nyeupe niliyokuwa nimetandika. Niliukata, nikaukunja upya mara mbili, kisha nikatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, kwa magurudumu yote.

Nikiwa nimeinua mbele kwa jeki, nilikanyaga pedali, nikabonyeza kitufe na kuachia pedali: magurudumu yaligoma kabisa kuzunguka, na nilipoachia kitufe yakazunguka bila kukwama.

Anayetaka kukitumia badala ya breki ya mkono namsihi asithubutu, kwani koili (waya uliosokotwa unaofunga vali kwa umeme) hupata joto ikikaa na umeme muda mrefu, na shinikizo likipungua gari litaondoka.