Wanachama wanarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia: nitumie njia gani kudumisha kipindi (kumbukumbu ya mtu aliyeingia)?

Kondele_Seva, Kisumu
Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia tovuti ya chama cha ushirika ambamo wanachama hujaza fomu za mkopo. Mbele yake kuna programu ya Nginx inayogawa maombi kwa seva mbili, na nimetumia `ip_hash`, yaani kuchagua seva kwa anwani ya IP ya mtumiaji, ili kila mwanachama abaki kwenye seva aliyoanzia. Hata hivyo, seva moja hulemewa huku nyingine ikikaa bure, na mtu akitoka kwenye Wi-Fi ya ofisi na kuingia kwenye data za simu, hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na fomu yake hupotea. Je, niongeze seva ya tatu?

Menengai, Nakuru
Seva ya tatu haitakusaidia, ndugu. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za umma, na kwa IPv4 (anwani za namba nne) `ip_hash` hutazama sehemu tatu za kwanza tu za anwani, hivyo wote wanaotokea 203.0.113.1 hadi 203.0.113.254 huangukia seva ileile. Fomu nayo hupotea kwa sababu anwani ikibadilika, mwanachama aweza kupelekwa kwenye seva isiyo na habari zake.

Mtambulishe kwa kuki (alama ndogo inayotunzwa na kivinjari) inayowekwa na kisawazisha mzigo chenyewe, yaani programu inayogawa maombi. Kwenye HAProxy, programu nyingine ya kazi hiyo, ni hivi:

`cookie SEVA insert indirect nocache httponly secure`
`server s1 10.0.0.11:8080 check cookie s1`

Neno `indirect` huzuia kuki hiyo isifike kwenye programu yako, na `nocache` huzuia jibu lililobeba kuki ya mtu mmoja lisihifadhiwe njiani likapewa mwingine. Sharti ni kwamba TLS (usimbaji wa mawasiliano ya HTTPS) iishie kwenye kisawazisha mzigo, maana bila hivyo hakiwezi kuisoma wala kuiandika kuki.

Lurambi, Kakamega
Ushauri huo ni sahihi, ila seva ikizimika ghafla, mwanachama atahamishiwa nyingine huku kipindi chake kikiwa kimepotea. Mtu aliyekwisha kuandika wadhamini wake wote hastahili kuanza upya. Hifadhi vipindi kwenye Redis, hifadhi ya data ya pamoja inayosomwa na seva zote mbili.

Kondele_Seva, Kisumu
Nashukuru sana. Programu ni ya zamani, kwa hiyo nitaanza na kuki huku nikiandaa Redis. Nikitaka kuifanyia s1 marekebisho, nitaiondoaje bila kuwafukuza waliomo?

Menengai, Nakuru
Tuma `set server tovuti/s1 state drain` kwenye soketi ya usimamizi (njia ya kuipa HAProxy amri ikiwa inaendelea kufanya kazi), ukiweka jina la kundi lako la seva badala ya "tovuti". Wageni watapelekwa s2, seva ya pili, na wenye kuki ya s1 wataendelea hadi wamalize. Ongeza pia `maxidle 30m` (kuki isiyotumika kwa dakika 30 hupuuzwa) kwenye mstari wa kuki, kwa kuwa vivinjari vya simu hukaa wazi siku nyingi, na kuki isiyo na kikomo itakufanya usubiri mno kabla ya kuizima s1.